Upande wa Kushoto Hausikiki

Laptopu haikuwa na kosa lolote. Hili tulimalize mapema, msomaji asije akaimalizia huruma yake kompyuta iliyofanya kazi vizuri tangu siku iliponunuliwa. Aliyekuwa mgonjwa ni sikio, tena sikio la kushoto, na mwenye sikio ndiye mtu pekee mtaani ambaye hakuwa na habari.

Watu walimwita Mitambo. Kazi yake ilikuwa kupiga muziki na kusimamia sauti kwenye sherehe za watu. Alikuwa na spika mbili ndefu kumzidi yeye mwenyewe, maiki kadhaa, nyaya za kuizunguka nyumba, na hiyo laptopu ambayo sauti zote zilipita humo kabla ya kwenda kwenye spika. Tangu ujana wake alikuwa na mtindo mmoja: kiti chake alikibandika kando ya spika, bega lake la kushoto likigusana nayo, kwa sababu siku za nyuma mlevi mmoja aliiangusha na yeye akaapa kwamba mlevi wa pili hatapata nafasi hiyo. Akailinda spika miaka yote. Sikio hakulilinda.

Basi akaanza kuona kwamba laptopu inaupunja upande wa kushoto. Kwenye skrini kuna kidude cha kutelezesha, cha kugawa sauti kati ya spika ya kushoto na ya kulia. Akakisogeza kidogo kushoto. Sherehe iliyofuata akakisogeza tena kidogo. Ikafika siku kidude kikagonga ukingo, upande wa kulia wa ukumbi wageni wanaangaliana midomo, upande wa kushoto wazee wanapepesuka wakiwa wamekaa. Wazoefu wa sherehe za mtaa wakajifunza. Wakiliona gari la Mitambo limeegeshwa nje, wanakimbilia viti vya kulia. Huko husikii neno, lakini unarudi nyumbani na kichwa chako. Kushoto waliachiwa wageni wa mbali na waliochelewa, na kulikuwa na mama mmoja mnene, mkarimu, aliyekuwa akibeba pamba kwenye mkoba na kuwagawia.

Mbona hakuambiwa? Jamani, Mitambo aambiwe na nani? Aliwahi kuthubutu bwana harusi mmoja kusema sauti imeelemea, akaulizwa mbele ya mkewe mpya, "Wewe ndiye fundi au mimi?" Bwana harusi akanyamaza, ndoa ikaanza na aibu. Halafu Mitambo alikuwa na kiburi cha namna yake: neno "unasemaje?" halikuwahi kumtoka. Asiposikia, anaitikia kwa kichwa kwa heshima na kusema, "Sawa, sawa." Watu wakamwona muungwana.

Nyumbani, sikio hilo lilikuwa na faida. Wakati wa kula Mitambo alikaa kwenye ncha ya meza, ukuta uko nyuma yake, na upande wake wa kushoto kulikuwa na kiti kimoja ambacho hakikukaliwa ovyo. Mwenye jambo zito alikisogelea kiti kile, akasema shida yake kwa sauti ya kawaida, tena kwa adabu zote, akapewa "sawa, sawa" yake na kuondoka. Kwa njia hiyo shemeji yake, kaka wa mkewe, aliombewa chumba cha uani kwa wiki mbili, na ulipita mwaka akiwa bado humo. Kwa njia hiyo binti yake aliacha chuo cha uhasibu. Mkewe, fundi cherehani, kwa nafsi yake hakuwa na ombi. Alikaa kwenye kiti kile jioni moja moja, akiwa na kitambaa mapajani, na kumwambia mumewe ukweli wa maisha yao kwa utaratibu: ubahili wake, majivuno yake, na yale aliyotendewa na mama mkwe. Akimaliza anavuta pumzi, anaendelea kushona pindo. Mitambo anasema sawa.

Ndipo likaja jambo la ukumbi.

Ulikuwa ukumbi mpya, nyuma ya soko, wenye viti vya kitambaa na mapazia mpaka chini. Meneja wake alitafuta mtu wa mitambo wa kudumu, wa mshahara wa kila mwezi. Kwa Mitambo hiyo maana yake ni kwamba asingebeba tena spika na mgongo unaomsuta kila asubuhi, wala asingekaa tena kusubiri simu ya mtu anayetaka kuoa. Kwa mkewe maana yake ilikuwa kodi ya nyumba, kwa sababu watu walishaanza kununua nguo zilizoshonwa tayari na cherehani yake ilikuwa imekaa kimya siku nyingi.

"Jumamosi kuna sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu anayestaafu," meneja alimwambia, akiwa amesimama kwa bahati upande wa kulia. "Ifanye hiyo. Nikiridhika, kazi yako. Ila mzee wangu, usinichukie, nasikia vyombo vyako vinaelemea upande."

"Laptopu hiyo," Mitambo alijibu. "Ina tatizo dogo la sauti. Kufika Jumamosi itakuwa imepona."

*

Daktari wa kwanza alikuwa shemeji.

Shemeji aliitwa Injinia. Jina hilo alilipata baada ya kutengeneza pasi ya jirani, ambayo ilipata moto kweli, ingawa ilimrusha jirani. Tangu hapo hakuna kifaa nyumbani kilichokufa bila yeye kukiona. Asubuhi iliyofuata alitoka chumba cha uani na kikombe cha chai, akaikalia laptopu.

"Shemeji, hebu nieleze. Tatizo hasa?"

"Sauti iko chini. Na upande wa kushoto ndiyo basi tena."

"Umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima, nimeiwasha."

"Uliizima vizuri?"

"Kuna kuizima vibaya?"

"Ee! Shemeji, watu wengi sana wanaizima vibaya."

Akaizima vizuri, akaiwasha. Haikuongezeka kitu. Akasema ni vumbi, akachukua mswaki uliokuwa karibu na kuanza kusugua vitundu vya spika chini ya laptopu. Binti alitoka bafuni, akasimama mlangoni.

"Mjomba, huo mswaki wangu."

"Ninausafishia kazi ya baba yako."

Vumbi likatoka, sauti ikabaki vilevile. Akasema sasa ni programu za sauti, zimepitwa na wakati, ni lazima zisasishwe. Bando la intaneti alilonunua dada yake kwa ajili ya kutafuta mitindo ya magauni likaliwa lote siku hiyo, huku duara dogo likizunguka kwenye skrini na Injinia akilitazama kwa makini na kuomba chai nyingine. Mwishowe akapiga wimbo ili waone matokeo. Yeye alikaa upande wa kushoto. Ule mlio ulimtoa kwenye kiti.

"Mama yangu!" alisema.

"Umeona ilivyo chini?" Mitambo aliuliza.

Injinia akaangalia skrini. Kidude kilikuwa kimesukumwa mpaka ukingoni. Akakirudisha katikati, kushoto na kulia zikawa sawa, na wimbo ukatoka safi, ala zote mahali pake.

"Umeiua!" Mitambo alipiga kelele. "Kushoto sasa hakuna kitu kabisa! Nimekuita utengeneze, unaiua?"

Injinia alikuwa mvivu, hakuwa mjinga. Alimtazama shemeji yake na mdomo akaufungua kabisa ili aseme. Lakini akakumbuka godoro lake, dirisha lake la uani linaloingiza upepo mzuri, na kiti alichokalia dada yake siku ile alipomwombea chumba. Mtu akigundua kwamba ana sikio lililokufa, kesho yake ataanza kuuliza ni mambo gani yalizikwa humo. Injinia akaufunga mdomo, akakisukuma kidude kushoto kama kilivyokuwa.

"Shemeji, nimeipima. Spika za ndani zimechoka. Hii ipelekwe kwa fundi."

*

Fundi wa kompyuta alikuwa na kibanda chembamba chenye benchi moja nje, na kwenye benchi wateja waliosubiri na simu zao zilizopasuka vioo. Aliipokea laptopu, akaibonyeza hapa na pale, akatoa hedifoni kubwa na kumvika Mitambo kichwani mbele ya watu wote.

"Nikicheza upande mmoja, wewe nyoosha mkono wa upande unaousikia. Haya."

Mitambo, mtu mzima, mwenye mvi, akakaa kwenye kigoda ananyoosha mkono kama anaomba ruhusa ya kwenda haja. Mkono wa kulia ulipanda kila mara. Wa kushoto haukupanda hata mara moja. Mwanamke mmoja kwenye benchi alijiziba kinywa kwa mtandio.

"Kulia safi," Mitambo alisema. "Kushoto ndiko kuna shida, si nimekwambia?"

Fundi akazigeuza hedifoni. Kisikilizio cha kushoto akakiweka sikio la kulia, cha kulia akakiweka kushoto, akarudia. Kipimo hiki anakijua kila fundi. Kama ubovu uko kwenye mashine au kwenye waya, ukigeuza hedifoni ubovu nao unahama upande. Huu haukuhama. Ulibaki palepale, upande wa kushoto wa kichwa cha mteja.

"Sasa je?" fundi aliuliza.

"Ni vilevile. Kulia safi, kushoto hamna. Hata hedifoni zako mbovu, kijana!"

Fundi alitazama sikio la Mitambo, halafu akatazama rafu yake ya juu, ambako spika za laptopu za aina ileile zilikaa kwenye maboksi zikipigwa na vumbi tangu zilipoletwa, hakuna anayezitaka.

"Nimeshaelewa, mzee," alisema. "Spika za ndani zimeungua. Una bahati, ninazo mpya."

Mitambo akatoa hela iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya kodi. Akaihesabu akiwa amempa mgongo yule mwanamke wa mtandio, akalipa, akaondoka na laptopu kwapani, amesimama wima, mtu aliyefanya jambo la maana kwa familia yake.

"Wewe, mbona hukumwambia?" yule mwanamke alimuuliza fundi.

"Mimi natengeneza kompyuta, dada. Masikio yana hospitali zake," fundi alijibu. "Lete simu."

*

Spika mpya zililia vizuri sana, na Mitambo hakuona tofauti. Akawaita mkewe na binti yake sebuleni, akawawekea wimbo.

"Nyie semeni ukweli. Kushoto mnasikia?"

"Tunasikia, baba," binti alisema, vidole vyake vikiwa vimegandamiza masikio.

"Tunasikia kidogo," mama akaongeza haraka.

"Kidogo! Ndiyo hiyo kidogo ninayoisema mimi!" Akaenda kuoga amekasirika. Maji yalipoanza kumwagika, binti alimgeukia mama yake.

"Mama, Jumamosi tutaumbuka. Kazi itaondoka hivi hivi tunaiangalia."

"Si umwambie."

"Mimi? Wewe ndiye mkewe."

"Na wewe ni mwanawe wa pekee. Anakupenda kupita kiasi. Wewe ukimwambia hatachukia."

"Hatachukia leo. Kesho je? Atakaa, atafikiri, ataniuliza, 'Mwanangu, tangu lini?' Nimjibu nini?"

Wote wawili walijua. Kila asubuhi binti alitoka na mkoba wenye daftari za uhasibu juu na vitana, vibanio na mafuta ya nywele chini. Alikuwa msusi kwenye saluni ya mtaa wa tatu, na alikuwa hodari, wateja wanamngoja yeye tu. Baba yake huku anawatangazia watu kwenye sherehe, tena kwa maiki, kwamba binti yake anasomea mahesabu makubwa makubwa. Alipomwomba ruhusa ya kuacha chuo, aliomba kwa machozi ya kweli. Tatizo ni kiti alichochagua.

"Na wewe mama, unaogopa nini? Wewe hukujiombea kitu."

"Mimi?" Mama alikata uzi kwa meno. "Mwanangu, mimi yale ninayomwambia baba yako, hata mahakamani hayasemwi. Nimemwita majina. Mama yake nimemwita majina, Mungu amrehemu. Isingekuwa hivyo ningekuwa nimeshalazwa kwa shinikizo la damu. Akijua kwamba nilikuwa nazungumza, atataka nirudie. Nitarudia?"

Injinia alichungulia kutoka mlango wa uani. Alikuwa amesikia yote, yeye masikio yake yalikuwa mazima.

"Dada, mimi nashauri tusiharakishe mambo."

"Wewe nyamaza! Wiki mbili zako zimeota mvi!"

Walikaa hapo, watu watatu wenye akili timamu, wakatafuta njia ya kuokoa kazi bila kumwokoa mwenye kazi. Na waliipata. Binti angekwenda ukumbini kama wa kumsaidia baba yake, akae karibu na laptopu, na kila baba akigeuza shingo, yeye akirudishe kidude katikati. Sikio lisitajwe. Maji yalikatika bafuni. Mitambo alitoka na taulo shingoni, akawakuta wametulia, akawaambia wana nyuso za watu waliokula kitu chake.

*

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Wazazi wa wanafunzi, wenyeji wa mtaa, walishaliona gari, wakajazana kulia. Walimu, waliofika kwa pamoja na wamechelewa, wakakalishwa kushoto, na yule mama wa pamba alikuwa tayari anapita kati yao akifungua mkoba. Fundi wa kompyuta naye alikuwapo, mtoto wake alisoma shule ile. Mke wa Mitambo alikaa katikati kwa gauni la kazi yake mwenyewe. Injinia alikaa karibu na vinywaji.

Mitambo aliweka kiti chake kando ya spika, bega la kushoto likigusana nayo, akashika maiki ya kujaribia mkononi. Binti alisimama nyuma ya meza. Mwanzo ulikwenda vizuri. Baba aligeuka kupokea waya, binti akatelezesha kidude katikati. Baba akarudi, akakunja uso, akakisukuma kushoto. Baba akainama kufunga kamba ya kiatu, binti akakirudisha. Baba akainuka. "Hii laptopu ina shetani," alisema, akakisukuma tena mpaka ukingoni na kuuweka mkono wake juu, asiuondoe.

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipopanda kuaga. Alikuwa mzee mpole, mwenye sauti nyembamba, aliyeandaa maneno yake kwa muda mrefu. Kushoto, walimu walipigwa na kila neno kifuani. Kulia, wazazi walimwona mzee anachezesha midomo. Alisema kichekesho kuhusu chaki, walimu wakacheka huku wameziba masikio, na wazazi, walipoona walimu wanacheka, nao wakacheka baadaye kidogo kwa adabu. Akasema kuhusu marehemu mkewe. Walimu wakanyamaza. Wazazi, ambao walikuwa bado wanamalizia kicheko, wakaendelea kucheka. Mzee akawatazama, asielewe amewakosea nini.

Meneja alitokea nyuma ya pazia, uso umemwiva. Alipenya kati ya spika na meza, akasimama upande wa kushoto wa Mitambo, akainama.

"Mzee, rudisha sauti katikati, sasa hivi."

"Sawa, sawa," Mitambo alisema akitabasamu.

"Unanisikia? Unaniharibia ukumbi. Watu wanamcheka mzee wa watu aliyefiwa."

"Sawa."

"Basi kazi huna. Ukimaliza hapa, fungasha vyombo vyako, tusijuane."

"Sawa, sawa," Mitambo alijibu, akampa mkono. "Asante sana, bosi."

Meneja aliutazama ule mkono, akauacha hewani, akaondoka. Mitambo aliurudisha mkono kwenye kidude, akamgeukia binti yake, uso unang'aa. "Umeona? Amenisifu."

Binti alipandwa na hasira na huruma pamoja, na aibu juu yake. Baba yake ameshukuru kufukuzwa. Mambo ya chuo, saluni, mkoba wenye daftari juu, yote yalimtoka kichwani. Alizunguka meza mpaka upande wa kulia, akauondoa mkono wa baba kwa nguvu, akakipeleka kidude katikati, akamwinamia sikioni.

"Baba, siyo laptopu! Ni sikio! Sikio lako la kushoto halisikii, baba! Amekufukuza kazi, na wewe umemshukuru!"

Maiki ya kujaribia ilikuwa mkononi mwa Mitambo, chini kidogo ya kidevu cha binti, na vuta nikuvute ile ilikuwa imeiwasha. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, kushoto na kulia walisikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sauti safi isiyokwaruza. Mwalimu mkuu alinyamaza katikati ya sentensi. Walimu walishusha mikono kutoka masikioni. Hakuna aliyecheka sasa.

Mitambo hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya sikio lake la kulia, akaliziba. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa bado anasema, anaomba radhi, midomo inakwenda. Akautazama ukumbi. Watu walikuwa wameanza kunong'ona, viti vinasogezwa, feni zinazunguka, na kwake vyote vilikuwa kimya kabisa. Akakiondoa kiganja, ukumbi ukarudi. Akakirudisha, ukaondoka. Alifanya hivyo kama mtu anayejaribu swichi ya taa kwenye nyumba aliyohamia jana. Ilimuuma sana, na hakukuwa na mahali pa kuficha uso.

Aliinua maiki.

"Nani mwingine alijua?"

Kisha yule mama wa pamba, ambaye hakuweza kusema uongo hata kwa mkono, aliunyanyua wake. Bwana mmoja kulia akaunyanyua wake, yule bwana harusi aliyewahi kuulizwa nani fundi. Mstari wake mzima ukafuata, na mstari wa nyuma yao. Fundi wa kompyuta aliufikisha wake begani, pale ambapo unaweza kusema ulikuwa unajikuna. Meneja alinyanyua wake akiwa amesimama mlangoni. Injinia alinyanyua wenye soda. Mitambo aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowapigia muziki kwenye ndoa zao na ubatizo wa watoto wao, mpaka macho yakamfikia mkewe. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wake ulipanda polepole, wa mwisho.

"Haya," Mitambo alisema, akaizima maiki.

Alisimama, akamwachia binti kile kiti. "Kaa. Iache katikati." Akamwashiria mwalimu mkuu aendelee. Mzee akaanza upya tangu kichekesho cha chaki, na safari hii ukumbi mzima ulicheka panapostahili na kulia panapostahili, na mke wa Mitambo akalia pasipostahili pia.

*

Wageni walipokwisha kutoka, Mitambo alikuwa anakunja nyaya. Meneja alimfuata, akasita, akachagua upande wa kulia.

"Mzee, mimi kazi nilishakunyima. Lakini mwisho wake ulikuwa mzuri, sisemi uongo. Nitaitoa. Uje wewe na huyu binti, mkae pamoja mezani. Ila mshahara ni mmoja. Watu wawili, masikio matatu, mshahara mmoja."

"Haiwezekani," Mitambo alisema. "Huyu ana chuo. Anasomea uhasibu, mwaka huu anamaliza."

Binti aliweka chini waya aliokuwa ameshika. Akaja, akasimama kulia kwa baba yake.

"Baba, chuo niliacha."

"Uliacha lini?"

"Mwaka jana. Nasuka nywele. Nilikuomba ruhusa, mezani, nikalia. Ukasema, 'Sawa, mwanangu.'"

"Nilisema hivyo?"

"Ndiyo. Halafu ukaomba chumvi."

Mitambo alikaa juu ya spika iliyolazwa, ile aliyoilinda maisha yake yote. Kisha akamwambia meneja, "Hayo masharti, hebu yarudie." Akaligonga sikio la kulia kwa kidole. "Huku." Meneja akarudia, mpaka kwenye mshahara mmoja, na hakupunguza makali hata kidogo. Mitambo akamtazama binti, binti akaitikia kwa kichwa.

"Sawa," alisema. Safari hii alikuwa amesikia alichokubali.

Meneja alipoondoka, pale wakabaki wenyewe, familia nzima, kati ya viti vitupu.

"Na nini kingine nimekubali?" Mitambo aliuliza.

Injinia aliinama, akabeba spika nzito kuliko zote bila kuombwa na mtu, akaelekea nayo kwenye gari akiyumba. Mkewe alimwangalia kaka yake mpaka akatoka mlangoni. Kisha akavuta kiti, akakiburuta kuzunguka miguu ya mumewe, akakiweka kulia. Alikaa, akanyoosha gauni juu ya magoti, akafuta macho kwa kiganja.

"Tuanze na huyo aliyebeba spika," alisema. "Halafu tutakuja kwa mama yako."